Rimu za Inchi Kumi na Saba

Ukionekana unalia kwa sababu ya rimu za gari, watu watasema umerukwa na akili. Kwa hiyo mimi sikulia. Nilikaa kwenye cherehani nikashona sare za watu mpaka sindano ikavunjika, nikaweka nyingine, nikaendelea. Lakini atakayetaka kujua jinsi mwanamume anavyoweza kumshusha mke wake garini bila hata kufungua mlango, na aje kwangu. Nitampa kiti na nitamweleza yote, wala sitatia chumvi. Chumvi yenyewe imo tayari.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi la shule. Aliianza kazi hiyo akiwa na nywele kichwa kizima, akaimaliza na zile za pembeni tu. Watoto walimwita Mzee Mkanda, kwa sababu hakuondoa basi mpaka kila mmoja awe amefunga mkanda wake, hata kama mvua inanyesha na mwalimu wa zamu anapiga makofi getini. Jina hilo lilimfuata mpaka dukani na kwa kinyozi. Ndani ya nyumba mimi humwita Baba Watoto, yeye huniita Mama Watoto, na siku nikimwita Mzee Mkanda ajue kumekucha. Mimi ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa chini, na pazia ambalo nyuma yake wateja hujaribu nguo zao na kunung'unika kwamba nimezibana, kumbe wao ndio wamenenepa.

Kuna jambo moja la mume wangu lazima ulijue, la sivyo utamwona mwongo, na mwongo siye. Ukimuuliza kitu atakujibu kweli, hata kama kweli hiyo itamkosesha chakula cha jioni. Usipomuuliza, atalilalia jambo lake kama kuku anavyolalia mayai. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliishi na kimya hicho mpaka nikakizoea, nikadhani ni utulivu.

Habari ya gari ilianza zamani, watoto wetu wakiwa wadogo. Tulikuwa tunatoka kumtazama mgonjwa, na gari letu la familia limejaa pomoni: mama yangu kiti cha mbele akilalamikia mwendo, mimi nyuma na watoto watatu na furushi la vitambaa miguuni. Kitinda mimba wetu akamtapikia baba yake shingoni. Mume wangu hakufoka. Alisimama kando ya barabara, akajipangusa kwa kitambaa nilichompa, akatazama mbele kwa muda. Kisha akasema polepole, "Siku hawa wote watakaposhuka, nitanunua gari la viti viwili."

Nilicheka kwa furaha. Viti viwili! Kimoja chake, kingine cha nani kama si changu?

Basi tangu siku hiyo nikawa na kiti. Sikuwahi kuomba kitu kingine katika ndoa ile, waulize watu. Sikuomba dhahabu, sikuomba nyumba ya ghorofa. Wateja waliponisumbua, mama yangu alipougua na kunifia mikononi, watoto walipoondoka mmoja mmoja na masanduku yao, moyoni nilikuwa na kiti changu kinanisubiri, upande wa pili wa usukani, nikae na mume wangu bila mtu kutuuliza tunafika saa ngapi. Nilijishonea hata gauni la kukalia kiti hicho, la kijani, kitambaa chepesi, mikono mirefu ya kuzuia upepo. Mvumilivu hula mbivu, na mimi nilijua kuvumilia.

Alipostaafu, akalinunua kweli. Lilikuwa gari dogo la spoti, la rangi ya samawati iliyopauka, chini mno, kiasi kwamba paka wetu alikaa juu ya boneti bila kuruka. Aliuziwa na mtu aliyekuwa anahama. Paa lake lilikuwa la turubai, nalo limechanika. Paa hilo nililishona mimi. Nilichukua turubai nzito ya kufunikia mizigo, nikaikata kwa kufuata ile ya zamani, nikaishona kwa uzi wa viatu, vidole vikavimba. Yeye alisimama mlangoni akinitazama, akasema, "Mkono wako hauna mpinzani." Nilijisikia kama bibi harusi. Ninasema hivi ili ujue kwamba gari lile lilikuwa na jasho langu pia, si la kwake peke yake.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu. Rimu lililokuja nazo zilikuwa ndogo, za chuma cheusi, mfano wa vifuniko vya sufuria. Mume wangu alikaa uani akizitazama kwa huzuni. Akasema gari zuri juu ya rimu hizi ni kama mtu aliyevaa suti na kandambili. Alitaka kubwa zaidi, zenye miali, zijaze nafasi yote chini ya bati linalofunika gurudumu. Nikamwambia, "Twende tukachague." Nilisema tukachague, na yeye hakunisahihisha.

Tukaenda kwa fundi wa tairi ambaye mtaa mzima unamwita Inchi. Ni mtu mwembamba wa makamo, mwenye maneno mengi, na kila kitu kwake ni inchi. Mkewe, anasema, ni mwanamke wa inchi sitini, lakini ulimi wake hajapata futi ya kuupimia. Karakana yake ni ukuta mmoja mrefu wenye misumari, na kila msumari umetundikwa rimu: za fedha, za dhahabu, nyeusi, zenye miali minene, zenye miali myembamba kama ya baiskeli. Sakafu ina mafuta. Jeki inalia kila inaponyanyua kitu.

Inchi akaliinua gari letu kwa jeki, akavua gurudumu la nyuma, akaingiza mkono na futi yake chini ya bati. Mimi nikatazama. Kwenye kazi yangu mteja nampima akiwa amesimama, kisha namwambia aketi, nampima tena. Suruali iliyopimwa mtu akisimama tu huchanika siku ya kwanza ya kukaa kitako. Gari lile lilikuwa linaning'inia hewani, halijabeba hata paka. Nikawaza, huyu mbona hatuambii tukae ndani aone linavyolala? Nikajinyamazia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mimi sikwenda pale kumfundisha mtu kazi.

Nikaenda ukutani kuchagua. Nilizipata zangu mara moja: za rangi ya fedha, miali mitano, iliyopinda kidogo kuelekea ukingoni kama pindo la sketi inapozunguka. Nikaita, "Hizi hapa!"

"Mama ana jicho," Inchi akasema, akizishusha. "Hizi kumi na sita. Zitakaa kama zimezaliwa nalo. Zile za zamani ni kumi na nne, kwa hiyo hapo mmepanda inchi mbili nzima."

Mume wangu akazishika, akazigeuza, akazipiga kwa ukucha. Kisha akainua macho. Msumari wa juu ulikuwa na nyingine za fedha pia, miali mingi, pana, nzito kwa kuzitazama.

"Na zile?"

"Zile kumi na saba, Mzee Mkanda. Zile zina masharti."

"Masharti gani?"

Hapo simu yangu ikalia, ni mteja wa sare yuko mlangoni kwangu anagonga. Nikatoka nje kumjibu, na yeye alikuwa na mdomo. Niliporudi, mume wangu alikuwa amekwisha kuingia garini, Inchi amerudisha gurudumu la zamani, na masharti yamekwisha kusemwa. Nikauliza tumeamua nini. Mume wangu akasema, "Bado nafikiri." Ilikuwa kweli. Alikuwa bado anafikiri.

Siku iliyofuata nilikwenda kupeleka sare. Niliporudi nikalikuta gari uani, limesimama juu ya magurudumu mapya, na sikuficha, nilipiga vigelegele. Lilikuwa limebadilika. Lilikuwa limekaza mabega. Tairi zilijaa chini ya bati mpaka usingeweza kupitisha kidole. Nikalizunguka mara mbili ndipo nikaona miali ilikuwa mingi.

"Si zile nilizochagua," nikasema.

"Hizi kubwa zaidi," akasema. "Hazikupendeza?"

"Zimependeza."

Na zilikuwa zimependeza, Mungu wangu ni shahidi. Niliacha kuuliza hapo. Mume akitaka cha kwake mara moja maishani utamkatalia kwa ajili ya pindo la sketi? Nikaingia ndani nikavaa gauni la kijani.

Kuingia kwenye gari lile ni kazi. Unainama, unatanguliza makalio, unavuta mguu mmoja, halafu unaomba dua uvute wa pili. Nikamwambia mume wangu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akatabasamu kidogo. Kiti kilinikumbatia pande zote mbili. Nikafunga mkanda kabla hajaniambia. Paa tulikuwa tumelikunja. Majirani walitoka, na fundi baiskeli wa kona akatupigia kengele ya baiskeli ya mteja. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliwapungia wote mkono.

Kwenye kona ya kwanza nikasikia, *krrrr*. Nyuma yangu, upande wangu, chini. Nikadhani tumekanyaga kitu. Mbele kulikuwa na tuta. Mume wangu akalipanda taratibu kama aliyebeba mayai, na tuliposhuka, *krrrrrr*, mlio mrefu, na harufu ya mpira ikanijia puani.

"Ni nini hiyo?"

"Tairi linagusa bati."

"Kwa sababu gani?"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akishika ule wa basi, akasema neno moja tu. "Uzito."

Nilihisi moto unapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Sikuwa mwanamke mwembamba, nakiri. Kazi yangu ni ya kukaa, na nimezaa. Lakini hakuna aliyewahi kunipimia neno hilo mbele ya macho, wala mama mkwe wangu ambaye hakuwa na breki mdomoni. Mume wangu aligeuza gari kabla hatujafika barabara kubwa. Mlio ulitusindikiza mpaka nyumbani. Nilitoka kwa shida, nikashikilia mlango, na yeye akasema, "Ngoja nilijaribu kidogo." Akazunguka mtaa peke yake. Nilisimama getini na gauni langu nikisikiliza. Gari lilipita kona, likapanda tuta, likarudi, na sikusikia kitu ila injini. Akazima, akashuka, uso wake umetulia kabisa.

"Halikugusa," akasema.

Nilijua la kufanya. Niliacha sukari. Niliacha mafuta, niliacha mkate, na jioni nikawa nakula tunda moja nikiwa nimezipa mgongo sufuria. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilitembea mpaka kituo cha mafuta na kurudi, nikiwa nimevaa raba za binti yangu. Njaa ina tabia mbaya, inakuchagulia saa ya kuja: nikiwa nakata kitambaa cha mtu, mkasi mkononi, nasikia kizunguzungu naishika meza. Nilimchoma mteja sindano kiunoni. Nilipunguza gauni la kijani mara ya kwanza, nikalipunguza tena.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja kushonesha sketi akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wifi, kuna nini? Unataka kuolewa tena?"

"Ndiyo," nikamwambia, "na kaka yako."

Tukacheka mpaka tukashikana. Mume wangu alikuwa kibarazani, akasikia, akakohoa. Jioni ile aliniangalia nikipita mbele ya kioo, akasema, "Umependeza, Mama Watoto." Usiombe kusikia maneno kama hayo ukiwa na njaa. Nilitaka kulala nayo chini ya mto. Niliyala yale maneno badala ya chakula, na asubuhi yake nikatembea mpaka ng'ambo ya kituo cha mafuta.

Kila Jumamosi alitoka na gari. Aliondoka kukipambazuka, akarudi jua likiwa utosini, shingo imeungua kwa upepo, ametulia kama mtu aliyetoka kuswali. Sikumuuliza alikwenda wapi. Nilimwambia, "Ngoja nipungue, tutakwenda wote," na yeye akatikisa kichwa. Nilikiona kichwa kikitikisika, lakini kwenda juu na chini au pembeni, kusema kweli, sikukitazama vizuri. Nilikuwa nimekwisha kupanga mwenyewe kilivyotikisika.

Siku gauni liliponikaa kama la msichana, nikamwambia nimekuwa tayari. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akachukua ufunguo. Niliingia garini bila kuomba dua, mguu wa pili ukaja wenyewe. Nikasema, "Umeona?" Akasema ameona.

*Krrrr.* Kona ile ile. Tuta lile lile, *krrrrrr*, na harufu ya mpira.

Aligeuza gari pale pale alipoligeuza mara ya kwanza.

Hasira zilizonipanda hazikuwa za mume wangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Zilikuwa za Inchi. Nililikumbuka gari likining'inia kwenye jeki, nikakumbuka futi yake, nikasema moyoni: yule mpuuzi alimpima mtu amesimama! Amemuuzia mume wangu rimu zisizofaa, na mume wangu kwa upole wake amenyamaza, na mimi nimekufa njaa kwa uzembe wa fundi. Nilitoka na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Nilitembea kwa miguu mpaka karakana, nikamkuta amechuchumaa akiziba pancha.

"Wewe Inchi," nikaanza kabla ya salamu, "kazi gani hii uliyotufanyia? Unapimaje gari likiwa hewani? Halina watu, halina mzigo, unampa mzee wa watu rimu zinazokula bati? Angekuwa mteja wangu ningemrudishia kitambaa na nauli!"

Aliinuka akijifuta mikono. Hakukasirika. Alinitazama kwa namna ambayo nilitamani angekasirika.

"Mama, hewani nilipima siku mliyokuja wawili. Aliporudi peke yake nililishusha chini, nikalipima chini. Nilifunga hizo kumi na saba, nikamwambia mzee aendeshe, na mimi mwenyewe nikakaa kiti cha pili. Tukazunguka hapo nje."

"Wewe ulikaa?"

"Nilikaa. Likagusa."

Nilimwangalia. Mtu ambaye upepo ukivuma anatafuta nguzo ya kushika. Kabla ya kuanza njaa yangu, hata Inchi wawili kwenye mizani wasingenifikia. Na sasa, baada ya njaa yote, bado alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Nilimwambia," Inchi akaendelea, na sauti yake ikapungua, "Mzee Mkanda, hizi masharti yake ndiyo haya niliyokueleza, ni za mtu mmoja. Akikaa wa pili, hata akiwa mtoto wa shule, zitagusa. Chukua zile kumi na sita alizochagua mama, mtapanda wote mpaka mchoke. Akaniuliza, 'Una hakika zitagusa?' Nikamwambia hakika. Akaniuliza tena, 'Mtu yeyote?' Nikamwambia yeyote. Nilidhani ana wasiwasi, nikaanza kuzifungua nati. Akanishika mkono akasema, 'Kaza.'"

Nilikalia tairi lililokuwa pale. Mafuta yaliingia kwenye gauni la kijani, nikayaacha yaingie.

"Nilidhani mnajua wote, mama. Nilidhani wewe hupendi magari." Akaelekeza kidole ukutani. "Zako bado zipo. Mwambie alilete, nibadilishe, hata dakika hamtakaa."

Zilikuwepo kweli, za fedha, miali mitano. Nikamwambia Inchi asante, na nikamwomba radhi kwa maneno yangu, maana yeye ndiye mtu pekee aliyenihesabu katika biashara ile nzima.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hilo mara nyingi juu ya watu wengine, nikicheka, nikiwa na pini mdomoni. Njiani kurudi nilijaribu kumtafuta mwanamke. Nilimtafuta kwa bidii, nakuambia: mrefu, mfupi, mjane, mwalimu wa ile shule. Nilitaka awepo. Lakini hata mwanamke asingeweza kupanda gari lile. Mtu yeyote, ndivyo alivyouliza.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda kando ya gurudumu la nyuma, upande wangu. Alikuwa na ndoo ya maji ya sabuni na mswaki wa zamani, akisugua kati ya mwali na mwali. Aliona utepe shingoni mwangu, akaona doa la mafuta, akaacha kusugua. Nadhani alijua nimetoka wapi.

"Baba Watoto," nikasema, "nakuuliza."

"Niulize."

"Ulijua zitagusa?"

"Nilijua."

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

Alisema haraka, bila kujikaza, na nikajua ni kweli. Mwanamke ningemfuata kwake. Ningemtukana, ningeitisha wazee, ningelia mbele za watu nikaonewa huruma. Kiti kitupu utakishtaki kwa nani?

"Uliniambia utanunua gari la viti viwili. Nilikuwepo. Nilikupa kitambaa ujifute."

Akafikiria. Nilimwona anafikiria kwa haki kabisa, kama anayetafuta kitu alichoazimwa ili akirudishe.

"La kiti kimoja hawatengenezi," akasema.

Paka alikuwa juu ya boneti, akashuka akaenda zake.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Aliutazama mswaki mkononi mwake. "Mama Watoto, tangu nianze kazi kuna mtu anapumua nyuma ya shingo yangu. Asubuhi watoto wa watu. Jioni watoto wangu. Jumapili mama yako, Mungu amrehemu, na mafurushi yako. Kila nilipokwenda, kuna mtu ananiuliza tunafika lini. Nilitaka nikae mahali nisiwe nambeba mtu. Hilo tu. Sikuchukii."

"Mimi sikukuuliza tunafika lini."

"Hukuniuliza."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unashona paa."

Niliona kwamba hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaeleza, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto kwa nini basi haliondoki. Na mimi nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu ya nyuma: tunda la jioni, kizunguzungu, raba za binti yangu, mteja niliyemchoma kiunoni, na yeye kibarazani akisikia nikimwambia dada yake kwamba nataka kuolewa naye tena.

"Uliniona najinyima chakula."

"Nilikuona."

"Ulijua haitasaidia kitu."

"Nilijua."

"Ukaniambia nimependeza."

"Ulikuwa umependeza," akasema, na macho yake yakajaa maji, na hata sasa siwezi kusema kwamba hayakuwa machozi ya kweli. Sikumpangusa.

Lilikuwa limebaki swali moja. Nilijua si la busara kuuliza. Mwanamke mwenye akili angeingia ndani, angejifungia, angeachia hapo apate cha kujidanganyia uzeeni. Lakini nilikuwa na njaa ya muda mrefu, na njaa haina adabu. Nikauliza.

"Na kama ningepungua mpaka nikawa kama uzi? Kama leo ningekaa humo, na tairi lisiguse? Ungefanya nini?"

Povu la sabuni lilikuwa linateremka taratibu kwenye rimu, mwali hadi mwali, linadondoka chini. Akalifuta kwa kiganja chake, akakiacha kiganja pale pale juu ya chuma.

"Ningerudi kwa Inchi," akasema.

"Kufanya nini?"

"Zipo za kumi na nane."